Msaada wa afya ya akili kwa wanawake waliotoka gerezani (Kibiti na delta ya Rufiji)
Ni msaada wa kumrejeshea utulivu mwanamke aliyemaliza kifungo. Kanuni za Bangkok, zilizopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2010, zinataka uanze kabla hajaachiwa na uendelee uraiani. Kwenye halmashauri, kazi hii huwaangukia maofisa ustawi wa jamii. Wilaya ya Kibiti, Tanzania, ina ugumu wake: vijiji vingi vya delta hufikiwa kwa boti, na mauaji yaliyotokea huko kati ya 2015 na 2017 yaliacha hofu na kutoaminiana. Anayerudi anaweza kukuta shamba lake la mpunga linalimwa na mwingine, watoto wako kwa bibi yao, na minong'ono kila aendapo kuteka maji. Ushauri nasaha peke yake hautoshi. Anahitaji pia mbegu na mtaji. Wenye maradhi mazito ya akili hupewa rufaa kwenda hospitali ya Muhimbili au ile ya Mirembe iliyoko Dodoma.