Siku ya Huzuni Ikawa Sikukuu

Leo napenda tuzungumze habari za tarehe moja ambayo kila Mkenya aijua, lakini wengi wetu huipokea kama siku ya kulala tu, au ya kufua nguo, au ya kwenda shambani. Tarehe yenyewe ni 20 Oktoba.

Hebu tukumbuke ilivyoanza. Jioni ya siku hiyo, mwaka wa 1952, Gavana Evelyn Baring alitia sahihi tangazo la hali ya hatari. Usiku ule ule, kuamkia tarehe 21, askari walitoka kwenda kuwakamata viongozi. Jomo Kenyatta alikamatwa nyumbani kwake Gatundu. Baadaye yeye na Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko walishitakiwa kule Kapenguria. Mwezi wa Aprili 1953 walihukumiwa kifungo cha miaka saba na kazi ngumu.

Hao ndio tunaowajua kwa majina. Lakini watu zaidi ya milioni moja waliondolewa katika maboma yao, wakatiwa katika vijiji vilivyolindwa na askari. Akina mama walilazimishwa kuchimba mahandaki ya kuvizunguka vijiji hivyo, na jioni wakarudi kutafuta cha kuwapikia watoto. Tena huko Hola, tarehe 3 Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa mpaka wakafa.

Ndugu msikilizaji, kama ungeulizwa wakati ule, ungesema nini juu ya tarehe 20 Oktoba? Bila shaka ungesema ifutwe katika kalenda, isitajwe tena. Lakini watu waliopata uhuru tarehe 12 Desemba 1963 hawakuifuta. Waliichukua siku ile ile ya pingu wakaifanya sikukuu, wakaiita Siku ya Kenyatta.

Jambo hili si geni kwa wasomaji wa Biblia. Katika Kitabu cha Esta, Hamani alipiga kura ili apate siku ya kuwaangamiza Wayahudi. Kura hiyo iliitwa puri. Walipookoka, Wayahudi waliweka sikukuu ya kila mwaka, wakaiita Purimu, yaani kwa jina la kura ile ile iliyopigwa juu ya vifo vyao! Hawakulificha jina la msiba wao. Walilibeba, na siku hiyo wakapelekeana vyakula na kuwapa maskini zawadi.

Labda mtu ataniuliza, “Je, wahenga hawakusema kwamba yaliyopita si ndwele, tugange yajayo?” Naam, walisema, na ni neno la hekima. Tarehe 12 Agosti 1963 Kenyatta alikutana na walowezi mjini Nakuru, akawaambia kwamba sharti pande zote mbili zisameheane. Wengi waliokuwa na hofu walitulia mioyo. Lakini tuangalie sana: kusamehe ni kuacha kulipiza kisasi. Si kukana kwamba watu waliumia.

Kwa maana wako waliosahauliwa katika sikukuu yetu. Dedan Kimathi alinyongwa huko Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Marufuku iliyowekwa juu ya Mau Mau wakati wa ukoloni iliendelea kuwa sheria ya Kenya huru mpaka mwaka wa 2003. Fikiri juu ya mzee aliyetoka msituni, akazisikia nyimbo za sikukuu redioni kwa miaka 40, na huku chama chake kingali kimepigwa marufuku! Sanamu ya Kimathi ilisimamishwa Nairobi mwaka wa 2007. Katiba ya 2010 iliibadili Siku ya Kenyatta kuwa Siku ya Mashujaa, ili isiwe ya mtu mmoja. Na mwaka wa 2013 serikali ya Uingereza ilieleza masikitiko yake, ikakubali kuwalipa wazee 5,228 walioteswa. Basi twaona kwamba maana ya siku haikamiliki mara moja. Hukua kadiri watu wanavyozidi kukumbukwa.

Sasa tuje nyumbani kwetu. Kila nyumba ina 20 Oktoba yake. Pengine ni siku aliyokufa baba, au siku ya kufukuzwa kazini, au siku mtoto aliporudishwa kwa kukosa karo. Siku kama hiyo ikifika, wengine hukaa kimya, na wengine hukasirika bila kujua sababu. Simwambii mtu yeyote kwamba uchungu wake haukuwa uchungu. Nasema tu kwamba tarehe hiyo inaweza kupewa kazi nyingine. Siku aliyokufa baba, waite ndugu zako mle pamoja na kusimulia alivyowalea. Mwezi ule uliokosa karo, mtafute mtoto mmoja wa jirani umnunulie daftari.

Na ikija Siku ya Mashujaa, usiimalize yote kitandani. Mwendee bibi au babu aliye karibu nawe, umwulize, “Miaka ile ulikuwa wapi, na ulikula nini?” Huenda ukagundua kwamba yule mama mzee unayempita kila Jumapili kwenye benchi la nyuma kanisani ndiye aliyechimba handaki mchana na kuwalisha wanawe usiku. Jina lake halimo katika kitabu chochote. Mpelekee chakula, ukae usikilize. Wazee hao wanapungua kila mwaka, na swali lisiloulizwa leo huenda mwakani likakosa wa kulijibu.