Kazi Moja, Mishahara Mbalimbali: Historia ya Mabishano ya Leta na Walimu



Leo hatutazungumza juu ya bunduki, tutazungumza juu ya mshahara. Labda mmoja wenu anajiuliza: mshahara na amani vinaingiliana namna gani? Nitajibu kwa kusimulia historia, sababu mabishano ya mshahara katika inchi yetu hayakuanza jana, na zaidi ya mara moja yameleta damu.

Niruhusuni nianze na jambo la nyumbani. Mimi ni mtoto wa Butembo. Nilipokuwa masomo ya msingi, mama yangu alikuwa anauza maharagi sokoni. Asubuhi moja direkta aliingia darasani na karatasi mkononi, akasoma majina. Sisi wenye majina yetu kusomwa tulibeba mifuko yetu tukarudi nyumbani, sababu wazazi hawakuwa wamelipa primu. Mama hakunigombeza. Alifungua fundo la kitambaa chake, akahesabu, akaona haifike, akafunga tena. Nilikaa nyumbani juma mbili. Kwa siku nyingi nilimchukia mwalimu wangu, nikifikiri ni yeye aliyenifukuza. Ilipaswa nisome sheria kwenye universite ndipo nielewe kwamba mwalimu yule naye alikuwa na watoto, na mwenye kumwajiri, ndiyo Leta, alikuwa hamlipi. Mimi na yeye tulikuwa upande mmoja, lakini hakuna mtu aliyetuambia.

1. Wakati wa wakoloni

Wakati wa Wabelgiji, mshahara ulifuata rangi ya ngozi. Mwaka 1941, wakati wa vita kubwa ya dunia, bei ya vitu ilipanda katika Katanga. Wafanyakazi Wazungu wa Union Minière walijipanga na kudai nyongeza. Wafanyakazi weusi waliona hayo, nao wakasema: sisi pia tunanunua kwenye soko moja. Mwezi wa 12 waliacha kazi. Tarehe 9 mwezi ule walikusanyika kwenye kiwanja cha mpira cha Elisabethville, mji tunaouita leo Lubumbashi. Msemaji wao alikuwa Léonard Mpoyi. Wakubwa walifika, maneno hayakusikilizana, askari wakapiga risasi. Mpoyi alikufa pale, na makumi ya wafanyakazi pamoja naye.

Muone vizuri jambo hili. Watu wale walileta ombi la mshahara, wakajibiwa kwa risasi. Na sendika hawakuwa nayo, sababu sheria iliruhusu sendika za Wakongomani mwaka 1946 tu, kisha damu kumwangika.

Kisha vita, makarani na wasaidizi wa Leta walijiunga katika chama kilichoitwa APIC. Huko Stanleyville, yaani Kisangani, aliyeongoza tawi lake alikuwa karani wa posta, jina lake Patrice Lumumba. Ombi lao lilikuwa moja: kazi sawa, diplome sawa, mshahara sawa. Waliomba sheria moja kwa wafanyakazi wote wa Leta, weupe na weusi. Sheria hiyo ilitoka mwaka 1959. Ilikuwa ushindi, lakini ulichelewa. Tulipoingia katika uhuru tarehe 30 mwezi wa 6 mwaka 1960, viti vya juu vyote karibu vilikuwa vingali mikononi mwa Wazungu, na Wakongomani waliokuwa humo walihesabika kwa vidole vya mkono mmoja.

Siku tano tu kisha uhuru, Jenerali Janssens aliwaandikia askari ubaoni kwamba mbele ya uhuru na kisha uhuru ni sawasawa. Askari walikuwa wanaona wanasiasa wamepanda, nao wenyewe hawakupanda cheo wala mshahara. Waliasi, na inchi ikavurugika. Hatusemi kama mshahara peke yake ndio ulileta vurugu ile. Tunasema hivi: mtu mwenye kuona mwenzake anapanda naye anabaki chini bila maelezo, moyo wake unawaka kama nyasi za kiangazi.

2. Wakati wa Zaire: primu inazaliwa

Toka mwaka 1967, Mobutu aliunganisha sendika zote kuwa moja, yenye ilikuja kuitwa UNTZA. Sendika ikawa mtoto wa chama-dola. Mfanyakazi alikuwa anakatwa mchango kwenye mshahara, lakini hakuwa na mtu wa kumsemea. Mlango ulifunguka tarehe 24 mwezi wa 4 mwaka 1990, Mobutu alipotangaza vyama vingi. Sendika mpya zikazaliwa, na za walimu zikawa kati ya zile zenye nguvu.

Lakini wakati huo feza ilikuwa inayeyuka kama mafuta juani. Mwaka 1993, zaire mpya moja ilibadilishwa kwa zaire za zamani milioni 3. Mshahara wa mwalimu haukununua tena hata chakula cha siku chache. Walimu waliacha kazi na masomo yakafungwa. Ndipo wazazi, pamoja na makanisa yenye kusimamia shule kwa mapatano na Leta ya mwaka 1977, walisema: watoto wetu wasipotee, tutoe kitu kidogo kwa mwalimu, kwa muda. Hicho ndicho primu. Muda ule uliendelea zaidi ya miaka ishirini na tano.

Primu iliokoa masomo, tusiwe wenye kusahau. Wakati wa vita, toka 1998 mpaka 2003, inchi ilipokuwa imekatika vipande na Beni na Butembo zikitawaliwa na RCD-K/ML, mshahara wa Kinshasa haukufika kwetu. Masomo yetu yalisimama kwa jasho la wazazi. Lakini primu ilizaa ukosefu wa haki mpya. Shule ya mjini, yenye watoto wa wafanyabiashara, ililipa mwalimu vizuri. Shule ya kijiji, yenye watoto wa wakulima, ililipa kidogo au haikulipa. Walimu wawili wenye diplome moja walikaa katika maisha mawili. Na Leta ilizoea kuona mzigo wake kwenye kichwa cha mtu mwingine.

3. Mbudi: ahadi ni deni

Vita ilipotulia, sendika za wafanyakazi wa Leta ziliketi na serkali kule Mbudi, karibu na Kinshasa. Mwezi wa 2 mwaka 2004 walitia sahihi mapatano. Walikubaliana juu ya ngazi ya mishahara: mtu wa chini kabisa, yule wa kupeleka barua, apate dola 208 kwa mwezi, na mkubwa wa juu, sekretere jenerali, apate dola 2080. Maana yake mkubwa asipite mdogo zaidi ya mara kumi. Ilikuwa fikara ya haki kweli: haikutaja tu kiasi, ilitaja pia urefu wa ngazi kati ya aliye juu na aliye chini.

Mapatano yale hayakutimizwa. Sahihi zilikuwepo, hesabu zilikuwepo. Chenye kilikosa ni feza katika bajeti za miaka iliyofuata, na mtu wa kuuliza kila mwaka: ile ngazi tumefika kipandio gani? Wazee wetu walisema ahadi ni deni. Deni hili walimu waliendelea kulitaja kila walipoacha kazi.

Majirani wetu wa Kenya walipita njia hiyohiyo. Mwaka 1997, karibu na uchaguzi, serkali iliahidi walimu nyongeza kubwa ya kulipwa kwa vipande. Kisha kipande cha kwanza ilisema haina feza. Ugomvi ule uliendelea kwa miaka mingi.

4. Masomo ya bure na mapatano ya Bibwa

Mwezi wa 9 mwaka 2019 masomo ya msingi yalitangazwa kuwa ya bure. Si zawadi ya mtu. Ni Katiba ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006, kifungu cha 43, iliyokuwa imengoja miaka kumi na tatu. Watoto walijaa darasani. Mama wa maharagi hakufungua tena kitambaa chake juu ya primu ya masomo ya msingi.

Lakini mwalimu wa mji kama Butembo, mwenye aliishi kwa primu, aliipoteza siku moja, na mshahara wa Leta haukujaza shimo lile. Mwenzake wa sekondari aliendelea kupata malipo ya wazazi. Tena kulikuwa mambo mawili ya zamani. La kwanza: maeneo ya mshahara, ambapo mwalimu wa Kinshasa alilipwa zaidi kuliko mwalimu wa Lubero mwenye diplome ileile. La pili: wale wenye kuitwa NU na wasiolipwa, wanaofundisha kila siku lakini majina yao hayaingii kwenye listi ya mshahara. Fikirini shule moja, darasa mbili zenye kupakana. Upande huu mwalimu anaenda benki mwisho wa mwezi. Upande ule mwenzake anabaki na chaki mkononi.

Mwezi wa 10 mwaka 2021, mwaka wa masomo ulipofunguliwa, walimu wengi hawakuingia darasani, zaidi wale wa shule za Katoliki. Kinshasa wanafunzi wenyewe waliingia mpaka katika jengo la Bunge, wakidai walimu wao warudi. Serkali na sendika waliketi kule Bibwa, wakapatana juu ya nyongeza kwa vipande, kuingiza wasiolipwa kwenye listi na kufuta maeneo ya mshahara. Masomo yakaanza. Lakini kisha miaka mitatu, mwezi wa 9 mwaka 2024, walimu wengi wa Kivu walibaki tena nyumbani, wakisema ahadi hazikutimia.

5. Sheria inasema nini?

Katiba yetu, kifungu cha 36, inasema kazi ni haki na ni wajibu, na mshahara upashwe kuwa wa haki, wenye kumtosha mfanyakazi na jamaa yake waishi kama watu. Kifungu cha 38 kinalinda sendika. Kifungu cha 39 kinalinda haki ya kuacha kazi, lakini kwa kufuata sheria. Tena inchi yetu ilikubali mapatano ya Shirika la Kazi la Dunia ya mwaka 1951, yenye kusema mwanamke na mwanamume wanaofanya kazi ya thamani moja walipwe sawa.

Nitoe mfano wa mbali. Katika Kanada, mwaka 1984, sendika ya wafanyakazi wa serkali ilishtaki kwamba kazi zenye kujaa wanawake, kama za ukarani, zinalipwa chini ya kazi za wanaume zenye thamani moja. Serkali na sendika walipima kazi pamoja: inataka elimu gani, nguvu gani, mzigo gani wa roho? Kisha wakabishana juu ya hesabu. Jambo lilifika mbele ya waamuzi, halafu korti. Mwaka 1999 serkali ilikubali kulipa zaidi ya dola za Kanada milioni elfu 3. Ilichukua miaka kumi na tano. Hata inchi ya utajiri ilichelewa, lakini mlango wa sheria ulifunguka mwishoni, na hakuna mtu aliyekufa.

6. Tunapata mafundisho gani?

La kwanza: tuhesabu mbele ya kubishana. Wangapi wanafundisha, wangapi wako kwenye listi, wangapi ni majina ya watu wasiokuwepo? Leta ikihesabu peke yake, sendika haitasadiki. Sendika ikihesabu peke yake, Leta itakataa. Wahesabu pamoja, shule kwa shule, na komite ya wazazi ikiwa shahidi.

La pili: mapatano yasiyo na nafasi katika bajeti ni karatasi tu. Walimu na wazazi wajifunze kuuliza mdeputé wao: kiasi hiki kimeandikwa wapi?

La tatu: sendika ifuate sheria. Itoe barua ya kuonya na kuacha siku za mazungumzo. Mwenzako akiingia darasani, usimpige wala kumtukana. Mwalimu mwenye kupiga mwalimu amefundisha watoto somo moja tu siku ile.

La ine: wazazi tusijifanye ukuta kati ya mwalimu na Leta. Tukimtupia mwalimu matusi, tunasaidia mwenye deni kujificha.

La tano ni kwa wakubwa. Katika kyaghanda, wazee wetu Wanande walizungumza karibu na moto mpaka kila mtu atoe neno lake. Mkubwa aliyekuja na jibu lake tayari hakuheshimiwa. Mwalimu anapoomba kusikilizwa, asionekane kama muasi.

Sasa narudilia swali la mwanzo. Toka mwezi wa 10 mwaka 2014, eneo la Beni limezika watu wake wengi. Katika hali hiyo, kijana mwenye hana darasa anatafutwa na wengine wenye kumpa kazi nyingine, na tunajua ni kazi gani. Kila mwezi shule inapofungwa, mlango ule mwingine unafunguka. Kwa hiyo mshahara wa mwalimu wa Oicha au wa Butembo ni sehemu ya ulinzi wetu.

Kwa wale wanaosikiliza katika vikundi, haya ndiyo maswali ya leo:

Katika shule ya karibu nanyi, walimu wangapi wanafundisha bila kulipwa?
Wazazi wanaweza kusaidia mazungumzo namna gani, bila kurudisha primu kwa mlango wa nyuma?
Nani katika kartiye yenu anaaminiwa na pande zote mbili, mwenye anaweza kuwaita waketi pamoja?

Zungumzeni polepole, na msiache wamama wanyamaze nyuma, sababu wao ndio wanaojua uzito wa fundo la kitambaa.