Mpaka Katikati ya Boma

Kijana mwenzangu, ukikaa kijiweni Arusha au Dar, mpira ukishaongelewa ukaisha, mazungumzo huangukia palepale: kuzamia. Mmoja anasema Marekani, kuna pesa. Mwingine anasema bora Sauzi, unafika kwa basi na ukishindwa unarudi. Wanabishana mpaka kahawa inapoa, na hakuna hata mmoja mwenye pasipoti.

Mimi huwa nanyamaza. Siyo kwamba sina la kusema. Kwetu Ololosokwan, kaskazini kabisa mwa wilaya ya Ngorongoro, swali hilo tumezaliwa nalo. Nchi yetu ya ng'ambo ni Kenya, na haihitaji meli wala ndege. Ukitoka na ng'ombe alfajiri, kabla jua halijawa kali umeshavuka. Tena usidhani ni nchi moja kwa kuwa pande zote wanasema Kiswahili na kutumia shilingi. Ni nchi mbili zilizoachana mbali sana, na wazee wetu wamelazimika kuchagua kati yao mara nyingi.

Mambo yalianza tarehe 1 Novemba 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana kugawana nchi. Mstari ukaanzia mdomo wa mto Umba kule pwani, ukapinda kaskazini ya Kilimanjaro, halafu ukanyooka moja kwa moja hadi Ziwa Viktoria. Nchi ya Wamasai ikakatwa vipande viwili. Wenye ng'ombe hawakuulizwa.

Wa kwanza kujikuta wamegawanyika walikuwa ndugu wawili. Laiboni mkuu Mbatian alifariki mwaka 1890. Inasimuliwa kwamba kabla ya kufa alimwambia mwanawe mkubwa, Sendeyo, aje asubuhi kupokea vifaa vya ulaiboni. Mdogo wake, Lenana, alisikia, akawahi gizani, na mzee ambaye macho yake yalikuwa hafifu akampa yeye. Ndugu wakapigana. Lenana akabaki upande wa Waingereza na kufanya urafiki nao. Sendeyo na Waloita wakashika upande wa Wajerumani. Ilikuwa miaka mibaya. Sotoka ilikuwa imemaliza ng'ombe, na ndui ilikuwa imemaliza watu. Mwaka 1902, baada ya mapigano na njaa, Sendeyo alivuka mpaka na kupatana na mdogo wake.

Ukiisikia hadithi hiyo juujuu utasema: basi, Uingereza ilishinda, Lenana alichagua vizuri. Ngoja kwanza.

Mwaka 1904 Waingereza waliweka mkataba na Lenana na wazee wengine. Wamasai waondoke Bonde la Ufa, penye nyasi nzuri, wawapishe walowezi. Wapewe Laikipia kaskazini na eneo jingine kusini, na maneno yale yadumu maadamu Wamasai wapo kama kabila. Haikupita hata miaka kumi. Mwaka 1911, Lenana akiwa ameshakufa, ukaandikwa mkataba mwingine: Laikipia nayo itoke. Wapurko, ambao ndio watu wangu, wakaswagwa kusini pamoja na ng'ombe zao. Kiongozi wao, Legalishu, na wenzake hawakushika mikuki. Walitafuta wanasheria wakaenda mahakamani. Mwaka 1913 Mahakama Kuu ikajibu kwamba Wamasai si raia wa Mwingereza, na mikataba ile ni kama mikataba na taifa la kigeni, kwa hiyo mahakama haina uwezo wa kuisikiliza.

Soma tena hapo, ndugu yangu. Watu walikuwa wageni wakiwa nyumbani kwao. Hawakuzamia popote.

Upande wetu nao, Mwingereza alipochukua Tanganyika baada ya vita ya kwanza ya dunia, hakutuacha tulale. Mwaka 1959 Serengeti ikabakishiwa wanyama peke yao, na Wamasai waliokuwa wakiishi humo wakahamishwa. Wengi walikwenda Ngorongoro, wengine wakapanda huku Loliondo.

Halafu ukaja uhuru, na hapo ndipo nchi mbili zikaachana kabisa. Tanzania ikatangaza Azimio la Arusha mwaka 1967. Ardhi ni ya umma, mtu hauzi nchi. Katika miaka ya 1970 ikaja Operesheni Imparnati, yaani makazi ya kudumu, ikatupanga katika vijiji. Kenya ikafuata njia yake. Kwa sheria ya mwaka 1968 Wamasai wa Narok na Kajiado wakapewa ranchi za pamoja zenye hati, na baadaye ranchi nyingi zikakatwakatwa, kila mtu na kipande chake. Huku wakiitwa manyang'au, kwamba kwao mtu anamla mtu. Wao wakatujibu kwamba huko kwenu hata cha kula hakuna.

Babu yangu alikuwa akicheka akisimulia. Alisema nyang'au alimwona upande wa pili, kweli: mtu amepata hati, ameingia mjini na kiu, ametoka bila hati. Lakini alisema pia kwamba sabuni ya kufulia shuka yake ilitoka kwa nyang'au huyohuyo.

Maana mwezi Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania ilifunga mpaka. Ulikaa hivyo hadi Novemba 1983, marais walipokutana Arusha na kuufungua. Kwa serikali ilikuwa miaka ya kutosemezana. Kwetu mpaka hauna ukuta. Ng'ombe walikwenda, sukari ikarudi, na wachumba wakaozeshwa usiku. Kwenye karatasi, babu yangu alikuwa mfanya magendo. Kwenye boma, alikuwa mkwe wa watu.

Na usidhani ujirani wa leo umeponya yote. Jumuiya mpya ilianza mwaka 2000, lakini mwaka 2017 serikali yetu ilikamata ng'ombe zaidi ya 1,300 waliovuka kutoka Kenya kutafuta malisho, ikawapiga mnada. Ng'ombe wa Mmasai wa Kajiado akawa mhamiaji haramu.

Miaka mitano baadaye ikawa zamu ya watu. Juni 2022 askari walikuja Loliondo kuweka alama za kutenga kilometa za mraba 1,500 kwa ajili ya uhifadhi. Polisi mmoja aliuawa kwa mshale, wanakijiji wakajeruhiwa, na wengi wakavuka kwenda Kenya, baadhi kutafuta hospitali na baadhi kujificha. Kwa wenzetu wa Ngorongoro uchaguzi ulikuwa mwingine: kubaki, au kuhamia Msomera, Handeni. Kijiji chetu na vingine vitatu vilikuwa vimeshafungua shauri tangu 2017 katika Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Tulifanya kama Legalishu.

Rika wangu mmoja, tuliyemaliza naye kidato cha nne, alivuka siku zile na hakurudi. Yuko Narok, anauza vocha na kuchaji simu za watu. Shilingi moja ya kule ni nyingi za kwetu, na mara kwa mara hunitumia salamu: "Wewe bado unangoja nini huko?" Simlaumu. Lakini siku moja nilimuuliza analala wapi. Akasema amepanga chumba, na shamba la mjomba wake, lililokuwa na hati, limeshauzwa. Kitambulisho cha Kenya hana. Akaniuliza nami nalala wapi. Nikasema kwetu. Akasema, "Una karatasi?" Nikakaa kimya.

Ndiyo maana kijiweni nasikiliza tu. Vijana wanauliza nchi ipi ina pesa, ipi ina baridi, ipi ina polisi wakali. Historia ya kwetu imenifundisha swali jingine, na naona lifae kwa anayekwenda Marekani kama kwa anayekwenda Narok: kule unakokwenda, sheria inasema nini juu ya mahali utakapolaza ubavu wako, na nani anaweza kukuamsha usiku? Upande mmoja wa mpaka wetu unaweza kuuza nchi yako ukaipoteza. Upande wa pili huwezi kuiuza, ila unaweza kuambiwa uhame. Lenana alichagua, Sendeyo alichagua, na watoto wa wote wawili waliswagwa.

Mimi nimebaki. Siyo ushujaa, mama yuko hapa, ng'ombe wako hapa, na mtu lazima awepo kesi itakapoitwa, aseme boma lilikuwa wapi. Rika wangu akirudi, nataka akute bado kuna mahali pa kurudi.