Bonde la Ruzizi: mto mmoja, nchi tatu

Mto Ruzizi unatoka Ziwa Kivu mjini Bukavu na kumwaga maji yake katika Ziwa Tanganyika, kati ya Uvira na Bujumbura. Si mto mrefu, ni kama kilomita 120 tu, lakini katika safari hiyo unashuka karibu mita 700. Sehemu kubwa ya mteremko iko mwanzoni, kwenye makorongo ya kusini mwa Bukavu, yalikojengwa mabwawa ya umeme. Ukifika Kamanyola, milima inaachana na bonde linafunguka, tambarare na lenye joto kali.

Mipaka nayo inakutana hapo. Mto Ruhwa, unaotenganisha Rwanda na Burundi, unaingia Ruzizi karibu na Bugarama. Kuanzia hapo Kongo iko magharibi na Burundi mashariki. Hata jina limegawanyika: Wakongo huandika Ruzizi, Warwanda na Warundi huandika Rusizi.

Upande wa Kongo, bonde limebanwa na milima ya Mitumba. Watu wamejenga pale vijito vinapotoka milimani, kandokando ya barabara ya taifa namba 5: Kamanyola, Luvungi, Sange, Kiliba yenye kiwanda cha sukari, kisha Uvira. Wakulima hupanda mpunga, mihogo na mahindi, na kiangazi kikiingia wafugaji huteremsha ng'ombe kutafuta malisho. Ugomvi wa ardhi, na wa nani awe chifu juu ya nani, ni wa zamani kuliko makundi mengi ya waasi yanayotajwa leo.

Barabara hiyo ndiyo uhai wa bonde, na ni mbovu. Bukavu na Uvira zimo katika mkoa mmoja wa Kivu Kusini, lakini wasafiri wengi kati ya miji hiyo hupitia Rwanda na kurudi Kongo Kamanyola, kwa kuwa njia ya milimani ya Ngomo ni nyembamba na hatari. Mwezi Julai 2010 lori la mafuta lilipinduka na kuwaka moto Sange, na zaidi ya watu 200 wakafa.

Wapiganaji wa M23 walipoiteka Bukavu Februari 2025 na kusonga hadi Kamanyola, wakazi hawakuwa na pa kukimbilia ila mtoni. Makumi ya maelfu waliingia mkoa wa Cibitoke nchini Burundi, wengine kwa kuogelea. Wapo waliozama. Waliofika salama, wengi walilala katika uwanja wa michezo wa Rugombo.