Njia ya Pili Ndani ya Moyo

Mwaka 1928, mwalimu wa mazoezi ya viungo mwenye umri wa miaka 35 alifika kwa Dk. Paul Dudley White mjini Boston, Marekani. Alikuwa mzima wa afya, ila mara kwa mara moyo wake ulikwenda mbio ghafla pasipo sababu. Alipopimwa umeme wa moyo kwa ECG akiwa ametulia, mchoro ulionyesha umeme ukifika mapema mno kwenye vyumba vya chini vya moyo. Alipofanya mazoezi, mchoro ukawa wa kawaida. Hilo liliwashangaza White na mwenzake Louis Wolff, maana moyo mgonjwa ukifanyishwa kazi hutarajiwa kuelemewa, si kupata nafuu.

White aliwasiliana na John Parkinson wa London, naye akawapata wengine wa namna hiyo. Mwaka 1930 watatu hao walichapisha taarifa za wagonjwa 11, na hali hiyo ikapewa majina yao.

Kwa kawaida umeme wa moyo una njia moja ya kushukia kutoka vyumba vya juu, na hapo hucheleweshwa kidogo. Watu hawa huzaliwa na kijiuzi cha msuli kinachofanya njia ya pili. Umeme ukishuka kwa njia moja na kupanda kwa nyingine, huzunguka mfululizo, na moyo hupiga hata mara 200 kwa dakika.

Mwaka 1968, Will Sealy wa Chuo Kikuu cha Duke alimpasua kifua mvuvi mmoja wa North Carolina, akaikata njia hiyo, na mvuvi akapona. Kwangu mimi hii ndiyo hatua kubwa kuliko zote, kwa sababu ilithibitisha kwamba maradhi haya yana mahali pake na yanaweza kung'olewa. Baadaye kisu kiliwekwa kando. Waya mwembamba hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, kisha njia huunguzwa kwa joto la mawimbi ya redio. Mwaka 1991, Warren Jackman wa Oklahoma alieleza kuwa tiba hiyo ilifaulu kwa asilimia 99 ya wagonjwa wake 166.

Wapo wagonjwa hadi leo wanaoambiwa kuwa mbio hizo za moyo ni woga tu. Moyo wako ukianza kukimbia ghafla na kuacha ghafla, omba upimwe ECG, ikiwezekana ungali unakimbia. Ukihisi kifua kubana, au ukizimia, wahi hospitali saa hiyohiyo.