Mbarara na Mgomba wa Pombe

Anayekuja Mbarara kutafuta majengo ya kale hakawii kukata tamaa. Februari 1979 majeshi ya Tanzania yaliingia mjini humu yakimsaka Idi Amin, na mabomu yakauacha mji magofu. Sehemu kubwa ya maduka na ofisi unazoziona leo imejengwa baada ya hapo. Juu ya kilima cha Kamukuzi, ilikokuwa ikulu ya Omugabe, mfalme wa Ankole, hakuna mfalme tangu 1967, mwaka ambao serikali ya Obote ilizifuta falme za Uganda. Mambo ya kale ya Mbarara yanataka utoke mjini, upande kuelekea Isingiro au Bushenyi, uache barabara ya lami na kuingia migombani. Humo, katikati ya migomba ya matoke, utakuta shina moja moja au kijisehemu cha mgomba ambao mkungu wake hakuna anayeupika. Wanyankole wanauita embiire, Waganda mbidde. Huu ndio mgomba wa pombe, na una umri mkubwa kuliko ukuta wowote uliosimama mjini.

Mgomba wa aina hii hauzai mbegu. Unaendelea kuishi kwa chipukizi: mkulima analing'oa pembeni mwa shina mama, anampa jirani au mkwe, na jirani anapanda mmea uleule. Uchunguzi wa vinasaba umeonyesha kwamba migomba ya nyanda za juu za Afrika Mashariki, kuanzia Buganda hadi Burundi na Kagera, inakaribiana sana, kana kwamba yote ilitokana na shina moja. Asili yake ya mbali ni Asia ya Kusini-Mashariki, ambako ndizi zilianza kulimwa kabla ya kuvuka Bahari ya Hindi. Lakini tofauti unazoziona Ankole kati ya mgomba na mgomba zilitokea hukuhuku, kwa mabadiliko madogo ambayo jicho la mkulima liliyaona na mkono wake ukayatunza. Mwaka 1998 mtaalamu wa Uganda, Deborah Karamura, aliipanga migomba hii katika makundi 5, na kundi moja zima ni la mbidde, yaani ndizi za pombe.

Italia wana kisa kinachofanana na hiki. Katika vilima vya Langhe, mkoa wa Piemonte, kuna zabibu nyeusi iitwayo Nebbiolo, inayotajwa katika maandishi tangu 1266. Nayo haipandwi kwa mbegu. Inapandwa kwa vipande vya mti, mkulima kwa mkulima, karne baada ya karne. Kutokana na zabibu hiyo hupatikana mvinyo mwekundu wa Barolo. Sheria inaudai ukae miezi 38 kabla ya kuuzwa, na 18 kati ya hiyo uwe ndani ya mapipa ya mbao, na wenye subira huuhifadhi miaka 20 au 30. Tangu 1980 uko katika daraja la juu kabisa la ulinzi wa asili katika sheria za Italia: hakuna anayeruhusiwa kuandika jina Barolo kwenye chupa kama zabibu hazikutoka katika vijiji vilivyotajwa. Kinachoufanya mvinyo huo uishi miaka yote hiyo ni ukakasi, ile hali ya ulimi kukaza kama umekula bibo. Ukakasi huo hutoka kwenye maganda na mbegu za Nebbiolo.

Embiire nayo ina ukakasi. Ikate ndizi yake ikiwa mbichi, uitazame kwa karibu: ndani ya nyama kuna utomvu wa kahawia unaonata, na ukiuonja ni mchungu. Ndiyo sababu haipikwi. Iive, iwekwe pamoja na ndizi za kula, na asiye mwenyeji hataitofautisha kwa macho. Mzee wa Ankole huitambua kwa kuivunja tu.

Katika Nkore ya kale, kabla Waingereza hawajaiita Ankole, wafugaji Bahima waliishi kwa maziwa na wakulima Bairu waliishi kwa ulezi. Matoke hayakuwa chakula kikuu kama yalivyo leo. Mgomba ulikuwepo, zaidi kwenye vilima vyenye mvua, na sehemu kubwa ya thamani yake ilikuwa pombe. Mwiru alipeleka pombe kwa Omugabe na kwa wakuu wa Bahima kama sehemu ya kodi yake. Walioamuliwa ugomvi mbele ya wazee walilipa faini kwa pombe. Bila pombe hakukuwa na posa, na hadi leo sherehe ya kumtoa binti, okuhingira, ina nafasi yake kwa kinywaji cha ndizi hata pale ambapo bia za viwandani zimejaa meza. Historia za Ankole zimeandikwa zaidi kwa kutazama ng'ombe wa pembe ndefu, na ng'ombe huyo anastahili. Ila nadhani tumemsahau aliyekuwa akikamua ndizi upande wa pili wa boma, wakati ufalme ulikuwa ukimtegemea.

Omugabe Ntare wa Tano alifariki 1895. Waingereza waliweka kituo chao Mbarara mwaka 1898, na mkataba wa Ankole ukatiwa sahihi 1901, Kahaya akitambuliwa kuwa mfalme wa nchi kubwa kuliko ile aliyorithi. Buhweju na Igara, zilizokuwa na watawala wake, ziliunganishwa humo, na hizo ni nchi za vilima na migomba. Kwa maana hiyo mipaka ya Ankole tuijuayo ilichorwa ofisini, na ndani yake wakajikuta pamoja watu wa maziwa na watu wa ndizi. Mji mpya uliwavuta wote: askari, makarani, wafanyabiashara wa Kihindi, wamisionari wa Kanisa la Anglikana pale Ruharo na Mapadri Weupe pale Nyamitanga. Wenye mashamba ya embiire wakapata soko.

Pombe yenyewe, inayofahamika Uganda nzima kwa jina la tonto, hutengenezwa hivi. Mikungu iliyokomaa huwekwa ndani ya shimo lililotandikwa majani ya mgomba, moto ukishapita kulipasha joto, kisha hufunikwa kwa majani na udongo kwa siku kadhaa hadi ndizi ziive kwa pamoja. Wengine huzianika juu ya dari la jikoni, moshi ufanye kazi. Zikishaiva humenywa na kumwagwa ndani ya mtumbwi wa mbao uliochongwa kwa gogo moja, na hapo wanaume huingia na miguu iliyooshwa. Hukanyaga ndizi pamoja na nyasi ndefu kavu. Mwanzoni ni uji mzito usioonyesha dalili yoyote ya maji. Wanaendelea kukanda na kusugua, nyasi zikikata na kushika makapi, na ghafla juisi inaachia, nyepesi na angavu, chini ya nyayo. Ndizi zikiwa hazijaiva vya kutosha haiachii. Zikiwa zimepitiliza, unapata rojo. Mkamuaji mzuri huijua siku yake kwa kubonyeza ganda kwa kidole gumba.

Juisi hiyo ikiwa bado mbichi huitwa eshande, na ni tamu kupita soda yoyote. Watoto hunywa, na waliokula kiapo cha kuacha pombe hunywa. Inayokusudiwa kuwa tonto huongezewa maji kiasi na mtama uliokaangwa na kusagwa, ambao unaleta chachu, rangi na ladha ya kuungua kidogo, kisha hufunikwa kwa majani ya mgomba. Kwa siku moja au mbili inachemka yenyewe bila moto. Siku ya pili au ya tatu inanyweka, kwa kibuyu na mrija. Siku ya nne au ya tano imeanza kuwa siki, kwa sababu haikuchemshwa wala kuzibwa, na bakteria walioingia pamoja na mtama na hewa hawana wa kuwazuia.

Hapo ndipo tonto na Barolo vinapoachana. Mvinyo wa Piemonte unamsubiri mnywaji, tonto inamwita leo. Haikuwekwa ghalani wala kusafirishwa mbali, na hivyo haikuweza kuwa bidhaa ya tajiri mmoja. Aliyekamua alilazimika kuita watu. Wanaoidharau kwa kutodumu wanaipima kwa kipimo cha nchi yenye baridi na mahandaki ya kuhifadhia mapipa. Kilichodumu Ankole ni shamba. Mgomba ukitunzwa kwa samadi na matandazo hukaa mahali pamoja zaidi ya miaka 50, mtoto akimrithi mama, na mwenye shamba akizeeka pamoja nao.

Siwezi kuisifu tonto bila kusema kwamba pombe imeumiza nyumba nyingi Ankole. Uamsho wa kidini wa Balokole uliotoka Rwanda na Kigezi miaka ya 1930 uliwavuta Wanyankole wengi, na waliookoka waliacha tonto wakabaki na eshande, na obushera, kinywaji cha ulezi. Walikuwa na sababu zao, na wake na watoto wao walizijua zaidi. Hatari kubwa ilikuja na gongo, iitwayo enguli, inayopatikana tonto ikitiwa motoni na mvuke wake kukusanywa. Serikali ilitunga sheria ya enguli mara baada ya uhuru, ikitaka wapikaji wawe na leseni na mali yao iende kiwandani kusafishwa iwe waragi. Tangu hapo ndizi nyingi za pombe zimeishia kwenye mapipa ya gongo, na hasara yake tunaiona vijijini.

Nakivale inaongeza ukurasa mwingine. Makazi haya ya wakimbizi, kando ya ziwa la jina hilo, yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950, na kundi kubwa la kwanza lilikuwa la Watutsi waliokimbia machafuko ya Rwanda ya 1959. Wakati huo eneo lilikuwa chini ya Mbarara. Wilaya ya Isingiro ilikuwa bado haijajitenga. Baadaye wakaja Warundi, Wakongo, Wasomali, Waethiopia na Wanyarwanda wengine, na Kiswahili kikawa lugha ya sokoni. Mnyarwanda alikuja akiijua urwagwa, Mrundi urwarwa, Mkongo wa Kivu kasikisi. Na Mhaya wa ng'ambo ya mto Kagera ana rubisi yake. Ni kinywaji kimoja chenye mikono mingi. Mipaka iliyochorwa na wakoloni iliwagawa watu hawa, lakini mgomba wao haukugawanyika. Mkimbizi kutoka Masisi, kule Kivu, akisimama kwenye vilima vya Isingiro haoni mmea wa kigeni.

Lakini embiire inapungua. Tangu miaka ya 1970 migomba ya Buganda ilidhoofika kwa fukusi, minyoo na udongo uliochoka, na Kampala ikaanza kulishwa na kusini-magharibi. Malori yanayopanda barabara ya Masaka yakiwa yamefunika matoke kwa majani yalibadilisha hesabu ya mkulima wa Mbarara: kila shina la pombe linakaa mahali ambapo shina la matoke lingeleta fedha ya karo. Aina za kigeni kama Kayinja, zinazozaa sana na hazidai matunzo, zilichukua kazi ya pombe iliyobaki. Kisha 2001 mnyauko wa bakteria ukagunduliwa Mukono, na miaka iliyofuata ukafika Ankole. Kayinja ndiyo inayoshambuliwa kirahisi zaidi, wadudu wakibeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Dawa yake ni kulivunja ua dume kwa kijiti chenye panda, kamwe si kwa panga, na kung'oa kilichougua. Wakati huo wengi walifyeka kila mgomba wa pombe waliokuwa nao, hata ule usio na hatia.

Tanzania tayari wameonyesha kwamba kinywaji kinaweza kuipa nchi jina. Dodoma, zabibu zilizoanzia misheni ya Bihawana katika miaka ya 1950 zimekuwa utambulisho wa mkoa mzima, ingawa mzabibu pale ni mgeni. Embiire si mgeni Ankole.

Uganda ina sheria ya kulinda bidhaa kwa asili yake ya mahali, iliyopitishwa 2013, inayoruhusu jina la eneo lifungwe kwenye bidhaa kama Waitaliano walivyofanya Barolo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mbarara kina shamba la kuhifadhi aina za migomba ya nyanda za juu, na Igongo kule Biharwe kuna makumbusho ya Ankole yenye wageni kila wiki. Vitu vitatu hivi vikutanishwe: eshande na tonto za Ankole ziandikishwe kwa jina lao, kila aina ya embiire ipandwe mahali ambapo mwanafunzi ataiona na kuigusa, na wazee wanaojua kukamua waitwe wafundishe kwa malipo. Nawe mwenye shamba Isingiro, Ibanda, Sheema au Bushenyi, kabla hujang'oa shina la mwisho, mpe jirani chipukizi.