Swali la William Ngidi

Mwanzoni mwa miaka ya 1860, karibu na Pietermaritzburg katika koloni la Natal, Askofu John William Colenso alikuwa akitafsiri Agano la Kale kwa Kizulu. Msaidizi wake alikuwa William Ngidi, Mzulu wa misheni ya Ekukhanyeni. Walipofika kwenye Gharika, Ngidi alitaka kujua kama kweli wanyama wote, wa nchi za joto na za baridi, waliingia safinani, na kama Nuhu aliwatafutia chakula hata wale walao nyama.

Colenso angeweza kumjibu kwamba haya ni ya kuamini tu. Ila alikuwa mwanahisabati wa Cambridge, vitabu vyake vya hesabu vikitumika katika shule za Uingereza, na jiolojia alikuwa ameisoma. Alijua kwamba gharika iliyofunika dunia nzima haikutokea, na dhamiri haikumruhusu kumdanganya mwenzake kwa jina la Mungu. Basi akaishika kalamu ya hesabu. Kitabu cha Kutoka kinataja wanaume 600,000 waliotoka Misri kwa miguu. Ukiongeza wanawake, wazee na watoto, unapata watu kama milioni mbili. Walipiga kambi wapi, na mifugo yao ilikula nini jangwani?

Sehemu ya kwanza ya kitabu chake chenye hesabu hizo ilitoka London mwaka 1862, na moto ukawaka. Mwaka 1863 Askofu Robert Gray wa Cape Town alimhukumu kwa uzushi na kumvua uaskofu. Colenso akakata rufaa, na mwaka 1865 baraza la Malkia likaamua kwamba Gray hakuwa na mamlaka hayo. Gray naye akamtenga na Kanisa, kisha mwaka 1869 akawekwa askofu wa pili dhidi ya Colenso, katika mji ule ule wa Pietermaritzburg. Mkutano wa kwanza wa maaskofu wa Kianglikana pale Lambeth, mwaka 1867, uliitishwa kwa sehemu kubwa kwa sababu ya mgogoro huu.

Sisi wa pwani hatuko mbali na habari hii. Charles Mackenzie, askofu wa kwanza wa UMCA, misheni ya Kianglikana iliyohamia Unguja mwaka 1864, alikuwa kwanza shemasi mkuu wa Colenso huko Natal.

Waliomshutumu Colenso walitabiri kwamba mwenye shaka ataishia kuikana imani. Haikuwa hivyo. Aliendelea kuhubiri, na chifu Langalibalele wa Wahlubi alipohukumiwa na kuhamishwa mwaka 1874, ni yeye aliyemtetea, akapoteza marafiki wengi wazungu. Mwaka 1879, baada ya Waingereza kushindwa na Wazulu katika vita vya Isandlwana, walowezi wakililia kisasi, alisimama mimbarani akaishutumu vita yenyewe. Wazulu walimwita Sobantu, baba wa watu. Kwangu mimi, imani iliyopitia swali la Ngidi ilizaa matunda zaidi kuliko ile ya majaji wa Colenso.

Colenso alifariki mwaka 1883. Vitabu vingi vya historia ya Kanisa vinamtaja yeye na Gray kwa kirefu, huku Ngidi akibaki "Mzulu mmoja" asiye na jina. Walimu wa vyuo vyetu vya theolojia wanaofundisha mgogoro huu waanze na jina lake. Sauti yake mwenyewe ipo pia: maelezo yake ya safari ya kwenda kwa Mpande, mfalme wa Wazulu, yalichapishwa mwaka 1860, kwa Kizulu.